Hesabu ya Maharage Kabla ya Ua la Kwanza

Mbegu za gunia moja la maharage zikipandwa siku moja, nusu Uyole mkoani Mbeya na nusu nyingine Morogoro, hazitatoa maua siku moja. Zile za Morogoro, mahali palipo mita 500 na ushei juu ya usawa wa bahari, zitatangulia. Za Uyole, karibu mita 1,800, zinaweza kuchelewa kwa wiki mbili au zaidi. Mkulima aliyewahi kuchukua mbegu mlimani akazipanda bondeni hahitaji kuelezwa hilo. Lakini pakiti ya mbegu anayouziwa dukani, na mara nyingi hata kipeperushi anachopewa na afisa ugani, humtajia hesabu moja tu ya siku za kukomaa, kana kwamba nchi nzima ina joto la aina moja.

Hesabu hiyo moja inawagharimu wakulima. Kazi nyingi zinazoweza kuliokoa shamba la maharage hufanyika kabla ua la kwanza halijafunguka: kujazia mashimo yasiyoota, kuweka mbolea, kuzuia wadudu wa shina, palizi ya kwanza na ya pili. Maua yakishachanua, jembe halina budi kutulia. Anayepalilia wakati huo hupukutisha maua, na akipita katikati ya majani yenye umande hubeba vimelea vya magonjwa kutoka mmea hadi mmea. Kwa hiyo tarehe nzito kuliko zote katika kalenda ya maharage ni ya ua la kwanza, na tarehe hiyo inaweza kukokotolewa mapema kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Elimu yake ipo tangu zamani. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuifikisha shambani.

Watafiti wa maharage hugawa maisha ya mmea huu katika ngazi kumi, kwa utaratibu ulioandaliwa miaka ya 1980 na CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo kilichoko karibu na Cali, Colombia. Ngazi tano za mwanzo, V0 hadi V4, ni za kukua: mbegu kunywa maji na kuanza kuota, mche kutokeza, majani mawili ya kwanza kukunjuka, kisha jani la kwanza lenye vipande vitatu, kisha jani la tatu la aina hiyo. Tano zinazofuata, R5 hadi R9, huanzia kwenye vitumba vya maua na kuishia kwenye maganda makavu.

Ngazi za mwanzo zinastahili kutazamwa kwa kuinama, maana kutoka barabarani hazionekani. Mbegu iliyofukiwa sentimita 4 au 5 katika udongo wenye joto na unyevu hutokeza baada ya wiki moja hivi. Penye baridi huchukua siku nyingi zaidi. Shina changa hutoka likiwa limepinda, mgongo wake ndio unaopasua udongo, kisha hunyooka na kuzivuta juu ghalambegu mbili. Mvua kubwa ikipiga udongo wa mfinyanzi na jua likafuata, tabaka la juu hukauka likawa gamba, na ule mgongo hukatika humohumo ardhini. Mkulima huona mapengo kwenye mistari na kuilaumu mbegu, wakati mbegu iliota vizuri ikakwama sentimita moja chini ya hewa.

Ghalambegu ndizo zinazoulisha mche siku za mwanzo. Zinaponyauka na kudondoka, mmea huingia katika kipindi cha njaa. Akiba imekwisha, na vinundu vya mizizini, ambamo bakteria aina ya raizobia hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa lishe ya mmea, bado havijashika kazi. Ndiyo maana shamba la udongo uliochoka huwa na rangi ya njano iliyopauka mche ukiwa na wiki tatu hivi. Mtu akichimbua mche taratibu baada ya hapo, akapasua kinundu kwa ukucha, rangi ya ndani humpa jibu. Wekundu au uwaridi ni dalili kwamba kinafanya kazi, na weupe au ukijani ni dalili kwamba hakifanyi. Maharage ni dhaifu katika kazi hii yakilinganishwa na soya au kunde, na penye uhaba wa fosforasi hudhoofika zaidi. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 na kufika Tanzania na Kenya, ulijengwa juu ya jambo hilohilo: bakteria wanaofaa na fosforasi kidogo, kwa wakati wake. Na wakati wake ni siku ya kupanda. Wiki ya tano huwa umechelewa mno.

Katika siku hizohizo za uchanga ndipo inzi wa maharage anapofanya uharibifu. Jike hutaga mayai kwenye majani machanga, funza huteremka ndani ya shina hadi karibu na udongo, shina huvimba na kupasuka, mche hunyauka. Dalili zikionekana, funza yuko ndani na dawa ya kunyunyiza haimfikii. Kinachosaidia ni mbegu iliyopakwa dawa kabla ya kupandwa, au kupandishia udongo kwenye shina ili mmea uotee mizizi mipya juu ya jeraha. Mmea uliokwisha kukaza shina hustahimili. Anayejua mche wake utalifikia jani la tatu tarehe ngapi anajua pia ni siku zipi asikose kwenda shambani.

Lipo pia suala la majani yenyewe. Katika aina fupi za kichaka zenye ukuaji wa kikomo, ncha ya shina ikishageuka kuwa ua, shina kuu haliongezi kifundo kingine. Majani yaliyotengenezwa hadi hapo ndiyo yatakayolisha maganda yote. Shamba lililochelewa kufunika ardhi kwa sababu ya magugu au njaa ya wiki ya tatu haliwezi kurudi nyuma kujazia. Wastani wa mavuno ya maharage Tanzania umekuwa ukizunguka tani 1 kwa hekta, huku mashamba ya majaribio yakipata mara mbili ya hapo na zaidi. Ukame na magonjwa ya baadaye vina mchango wao katika pengo hilo, lakini sehemu yake hutokea katika wiki hizi za mwanzo, na huzungumzwa kidogo mno.

Sasa hesabu yenyewe. Mwaka 1735 mwanasayansi Mfaransa, René Antoine Ferchault de Réaumur, alitoa wazo kwamba mmea hufikia hatua fulani ya maisha yake baada ya kukusanya jumla fulani ya joto, wala si baada ya idadi fulani ya siku. Wazo hilo halijapitwa na wakati. Mmea huweka joto la kila siku kwenye kibubu, na kibubu kikijaa, ua hufunguka. Kuna joto la chini ambalo halihesabiwi, kwa kuwa chini yake ukuaji husimama. Kwa maharage watafiti wengi huliweka kati ya nyuzi 8 na 10 za Selsiasi.

Chukua mfano wa aina ya maharage inayohitaji jumla ya nyuzi 480 kutoka kupandwa hadi ua la kwanza, na kiwango cha chini kiwe 8. Siku yenye wastani wa nyuzi 24 huweka akiba ya 16. Siku yenye wastani wa nyuzi 18 huweka 10. Bondeni jumla ya 480 hutimia siku ya 30, na mlimani siku ya 48. Mbegu ni ileile, na tofauti ni siku 18. Mkulima wa mlimani anayefuata kipeperushi cha bondeni ataacha kupalilia mapema mno, na wa bondeni anayefuata cha mlimani ataingia na jembe kwenye maua.

Hesabu hiyohiyo hueleza jambo zito zaidi. Joto la dunia likipanda kwa nyuzi 1, bondeni ua litawahi kwa siku zisizofika mbili, kwa sababu kila siku huongeza 17 badala ya 16. Mlimani kila siku itaongeza 11 badala ya 10, na ua litawahi kwa siku nne hivi. Idadi ya majani yatakayotokea haipungui sana, kwa maana nayo hufuata joto. Zinazopungua ni siku za kuota jua. Mmea hufika kwenye ua ukiwa umekusanya mwanga kidogo, na kwa hiyo chakula kidogo. Nyanda za juu za Mbeya, Kilimanjaro na Kigoma, ambazo watu huziona kuwa kimbilio la maharage dhidi ya joto, ndizo zitakazoona kalenda yao ikisogea kwa kasi zaidi.

Joto peke yake halitoshi kueleza mikunde yote. Mwaka 1920 watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, W. W. Garner na H. A. Allard, walichapisha matokeo ya majaribio yao ya Arlington, Virginia. Walikuwa wamepanda soya aina ya Biloxi kwa tarehe zilizoachana sana, na bado ikatoa maua karibu wakati mmoja, mwishoni mwa kiangazi cha huko. Soya ile ilikuwa ikifuata urefu wa mchana na usiku. Tangu hapo hakuna modeli ya mikunde, yaani hesabu ya kukadiria ukuaji wake, inayoaminika bila kuingiza saa za mchana.

Afrika Mashariki ina nafuu hapa, kwa maharage angalau. Bukoba, karibu na ikweta, mchana haubadiliki kwa kiasi cha kutajika mwaka mzima, na hata Mbeya tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi ni kama saa moja tu. Kwa hiyo kwa aina nyingi za maharage zinazolimwa huku, joto ndilo linaloongoza. Mbaazi ni habari nyingine. Watafiti wa ICRISAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mazao ya maeneo makame ya joto, waliokuwa na makao Nairobi walipanda aina mbalimbali za mbaazi katika vituo vya Kenya vinavyopanda kutoka pwani ya Mtwapa hadi nyanda za Kabete, mahali ambapo mwinuko hubadilisha joto huku urefu wa mchana ukibaki karibu vilevile, kisha katika baadhi ya mashamba wakarefusha mchana kwa taa. Walikuta kwamba aina za muda mrefu huharakisha maua penye ubaridi, karibu nyuzi 18, na aina za muda mfupi hupenda joto zaidi. Ndiyo sababu mbaazi ndefu inayostawi katika vilima vya Babati, ikipelekwa penye joto kali, huendelea kuota majani na kuchelewa kufanya maua, hadi mvua iliyotegemewa iwe imekwisha. Mtu asiye na hesabu hii huona mti mzuri wa kijani na kudhani mambo ni shwari.

Kompyuta zilipoingia, hesabu hizi zilikusanywa pamoja. Chuo Kikuu cha Florida kilitengeneza SOYGRO kwa ajili ya soya katika miaka ya 1980, ikafuatwa na BEANGRO ya maharage, kisha zote zikaunganishwa katika CROPGRO, ambayo leo ni sehemu ya programu ya DSSAT inayotumiwa katika nchi nyingi. Australia nayo ikajenga APSIM, yenye sehemu za dengu, mbaazi na choroko. Kila siku ya mwaka programu hizi husoma joto, mvua na jua, kisha hukadiria mmea una majani mangapi, yamefunika ardhi kiasi gani, mzizi umefika wapi na maji yaliyobaki ni kiasi gani. Mwaka 1996 Jeffrey White na Gerrit Hoogenboom walipiga hatua zaidi. Katika modeli waliyoiita GeneGro waliondoa baadhi ya namba za kubahatisha kwa kila aina ya maharage na kuweka badala yake jeni saba zinazojulikana, ikiwemo ile inayoamua mmea usikie urefu wa mchana au la, na ile inayoamua ukuaji wa kikomo.

Modeli hizi zina ubora usiolingana, na hapo ndipo wapangaji wa kilimo hukosea. Zikipewa joto sahihi, kwa kawaida hukadiria siku ya ua kwa kukosea siku chache. Zikiulizwa magunia mangapi yatavunwa, hukosea sana, kwa sababu mavuno hutegemea udongo, magonjwa, magugu na mkono wa mkulima, mambo ambayo takwimu zake hazipo. Hata hivyo wizara na wafadhili huzikimbilia kwa swali la magunia, na swali la tarehe, ambalo zinalijibu vizuri, huachwa kwenye makabrasha. Ni kinyume cha inavyofaa.

Thamani ya tarehe huonekana zaidi katika suala la joto la usiku. Maharage hayapendi usiku wenye joto la zaidi ya nyuzi 20 hivi. Maua hupukutika, na maganda yanayobaki huwa na mbegu chache. Kwa muda mrefu ilidhaniwa joto linaliumiza ua likiwa wazi. Majaribio yalionyesha kwamba siku hatari zaidi ni za nyuma, kati ya 9 na 13 kabla ua halijafunguka, chavua inapoumbwa ndani ya kitumba ambacho jicho halikioni vizuri. Ua huchanua likiwa zuri kabisa, na chavua yake tayari ni tasa. CIAT ilitangaza mwaka 2015 kwamba imepata aina za maharage zinazostahimili joto, nyingi zikitokana na kuchanganya maharage ya kawaida na maharage ya tepari kutoka maeneo makame ya Mexico na kusini-magharibi mwa Marekani. Hizo ni habari njema. Lakini hata kabla mbegu hizo hazijasambaa, mkulima anayejua ua lake litakuja lini anaweza kuhesabu siku 13 kurudi nyuma, na kusogeza siku ya kupanda ili chavua isiumbwe katika wiki za joto kali za eneo lake.

Wapo wanaosema setilaiti zitatosha bila hesabu hii. Setilaiti huona ukijani, na shamba la maharage lenye wiki tatu ni udongo wenye mistari ya nukta. Picha inapoanza kuonyesha shamba la kijani, vitumba vimekaribia. Bima ya mvua nayo, ya aina ya Kilimo Salama iliyoanza Kenya mwaka 2009, hugawa msimu katika vipindi vya ukuaji na kupima mvua ya kila kipindi. Kipindi cha maua kikiwekwa kwa siku zilezile mlimani na bondeni, ukame utampiga mkulima katika wiki ambayo mkataba unaihesabu kuwa ya kitu kingine. Hesabu ya joto huziba tundu hilo kwa gharama ndogo.

Lipo pingamizi la kweli. Wakulima wengi wa Kagera, Kigoma, Burundi na Rwanda hupanda mchanganyiko wa mbegu, tano, kumi, hata zaidi katika shamba moja, na hufanya hivyo kwa makusudi, ili ugonjwa au ukame usibebe zote. Modeli iliyotengenezwa kwa aina moja haiwezi kutoa tarehe moja kwa mchanganyiko huo. Inaweza kutoa dirisha, kutoka ua la mmea wa kwanza hadi la mmea wa mwisho, na hilo lenyewe ni msaada. Kisha kuna kivuli cha mahindi. Maharage mengi hulimwa chini ya mahindi, ambapo mwanga ni mdogo na udongo ni wa baridi kidogo, na vipimo vya joto huchukuliwa kwenye kituo kilicho wazi, pengine kilomita 40 kutoka shambani na mita 300 chini yake. Makosa haya yanaweza kupunguzwa, kwa kuwa joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi kila mwinuko unapopanda mita 1,000, na mwinuko wa shamba husomeka kwenye simu. Kivuli cha mahindi ndicho kinachohitaji utafiti mpya, ufanywe hapa, kwa vipimo vya hapa.

Sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ni ya kufungua makabati. Kila aina mpya ya maharage kabla ya kuidhinishwa hupandwa katika vituo kadhaa kwa misimu kadhaa, na katika kila kituo huandikwa siku ambayo nusu ya mimea ilikuwa na ua. Vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) vya Selian, Uyole na Maruku vina daftari hizo. KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, inazo Katumani kwa aina zake za KAT. Tarehe hizo zikiunganishwa na joto lililopimwa kwenye kituo kilekile, kila aina itapata namba yake ya kibubu, na hakuna sababu namba hiyo isichapwe kwenye pakiti ya mbegu na kwenye orodha ya aina zilizoidhinishwa, pembeni ya rangi ya mbegu na magonjwa inayoyakinza. Kwa mbegu za wakulima wenyewe, maafisa ugani waandike tarehe tatu tu katika mashamba machache ya kila mwinuko: ya kupanda, ya kutokeza, na ya ua la kwanza. Misimu michache ingetosha kuanzia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutabiri mwanzo wa masika na vuli, na hutoa taarifa za kilimo za kila siku kumi. Mistari miwili zaidi katika taarifa hiyo ingebeba kazi yote. Mkulima wa ukanda wa juu wa Rombo aliyepanda wiki ya mwisho ya Machi angesoma katika ujumbe wa simu, mwanzoni mwa Aprili, vitumba vyake vinatarajiwa wiki ipi ya Mei na palizi ya pili iwe imekwisha siku gani. Wa tambarare za Hai aliyepanda wiki hiyohiyo angepata ujumbe wake mwenyewe, wenye tarehe za mapema zaidi.